Wajumbe Walionyolewa Ndevu

Somo: 2 Samweli 10:1–5

Nahashi, mfalme wa Waamoni, amefariki. Daudi anakumbuka wema aliotendewa na marehemu, anatuma watu wavuke Yordani wakampe pole Hanuni, mwana aliyerithi kiti. Vita vinavyofuata ni vikubwa, na wahubiri wengi hukimbilia huko. Mimi nimebaki kwenye aya tano za mwanzo, kwa kuwa zinaanza na msiba. Watu hawa hawakwenda kudai ushuru wala kuchunguza mpaka. Walikwenda kuhani.

Wakuu wa Amoni wakamtia Hanuni fitina: hawa ni wapelelezi, wamekuja kuutazama mji. Hanuni akawashika, akawanyoa ndevu upande mmoja, akawakata mavazi mpaka makalio yakawa wazi, akawaachia waende. Hakuwaua. Aliyetaka kumwaibisha ni Daudi, ila Daudi alikuwa mbali, Yerusalemu, na uso wake pekee uliokuwepo pale ulikuwa nyuso za wale aliowatuma.

Nimekaa na aya hizi wiki tatu sasa, kwa sababu ya binti mmoja wa usharika wetu. Nitafika kwake, ila kwanza niwatazame wajumbe wa siku zetu, wale tunaowaita mabalozi.

Wazee wetu wanamkumbuka balozi wa nyumba kumi. Tangu TANU ilipopanga mashina katika miaka ya 1960, balozi alikuwa jirani yako. Ukipata mgeni unamjulisha. Mke na mume wakigombana usiku, mlango unaogongwa ni wake. Yule mwingine, wa kwenye gari lenye bendera, tulimwona magazetini tu, na kwa miaka mingi nilidhani wawili hawa wamechangia jina basi. Sidhani hivyo tena.

Balozi wa ng'ambo ana siku moja ya fahari: siku anapokabidhi hati za utambulisho kwa mkuu wa nchi mwenyeji. Kiini cha barua ile ni ombi, kwamba anachokisema mtu huyu kwa niaba yetu kiaminiwe. Kabla ya hapo jina lake limepelekwa kimyakimya ili likubaliwe, na nchi mwenyeji ina haki ya kulikataa bila kutoa sababu. Hata baadaye, siku yoyote, inaweza kumtangaza kuwa hatakiwi, na hapo pia hailazimiki kueleza. Salim Ahmed Salim alipopelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964 alikuwa na miaka 22. Nina vijana wa umri huo kwenye kwaya, na huwa nawatazama nikiwaza: huyu akisimama mbele ya rais wa watu, nguvu yake inatoka wapi? Si kwenye umri wake, wala kwenye elimu yake. Inatoka kwa aliyeandika barua.

Siku zinazofuata hazina fahari hiyo. Anaanza asubuhi na magazeti ya nchi ya watu, maana nyumbani wanasubiri taarifa yake. Kuna kikao cha biashara, kuna wageni kutoka wizarani wanaotaka kupokewa uwanjani, kuna karamu ya jioni ambayo lazima aonekane hata kama mchana huo amepata habari ya msiba wa kwao. Halafu kuna watu wa benchi. Mwanafunzi ambaye ada yake haijafika. Mtu aliyefungwa. Marehemu aliyelala hospitali ya ugenini, jina la kwenye pasipoti halilingani na la kwenye cheti cha kuzaliwa, na ndugu wanapiga simu kutoka Singida kuuliza mwili utafika lini.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unazitaja kazi za ubalozi, na baada tu ya kuiwakilisha nchi unakuja wajibu wa kulinda maslahi ya nchi na ya raia wake. Mkataba mwenzake wa 1963 unampa mtu aliyekamatwa ugenini haki ya kutaka ubalozi wake uarifiwe. Watu huzungumza sana juu ya kinga ya mabalozi, kwamba polisi hawawezi kuingia ubalozini bila ridhaa ya balozi mwenyewe, na wengine huona wivu. Lakini mkataba wenyewe unasema, mwanzoni kabisa, kwamba kinga hizo hazikuwekwa ili kumnufaisha mtu. Zimewekwa ili kazi ifanyike. Ule ukuta upo ili aliyekimbia apate pa kusimama. Na vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wanafunzi wetu waliokuwa kule walitolewa kwa barabara hadi Ethiopia, ndipo wakapandishwa ndege kuja nyumbani. Nyuma ya safari kama hiyo yuko mtu anayehesabu vichwa kwenye basi kwa tochi ya simu.

Sasa binti yetu.

Alikwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Mama yake ni mjane. Pasipoti ilichukuliwa siku aliyofika. Mwezi wa tisa mshahara ukakoma na simu ikafungiwa kabatini. Alfajiri moja alitoka kwenda kumwaga taka, akaweka ndoo chini, akaendelea kutembea. Dereva wa teksi, mgeni kama yeye, alimfikisha ubalozini bila kumtoza hata senti.

Jioni ile mama alikuja kwangu akiwa ameshika simu kwa mikono miwili. "Mchungaji, amenipigia mtu wa ubalozi. Ameniita mama. Kaniambia, mama, mwanao yuko hapa kwetu, amekula."

Amekula. Serikali ya watu mamilioni ilisema naye kwa neno hilo moja, na mama akalala usiku ule.

Haikuishia hapo. Mwajiri alikuwa ameshamshtaki kwa wizi, na balozi, pamoja na bendera yake, hana ruhusa ya kuvunja sheria za nchi iliyompokea. Alichoweza ni kwenda kuomba. Binti anasema balozi alikwenda mwenyewe kituo cha polisi mara mbili, akasubiri kwenye benchi kama watu wengine. Shitaka lilifutwa baada ya wiki saba, akaandikiwa hati ya dharura ya kusafiria, akarudi.

Mama aliniomba twende pamoja uwanja wa ndege. Nilikuwa na kikao cha jimbo. Nilituma salamu, nikaona inatosha.

Binti alitoka na mfuko mmoja. Mtaa mzima ulijua alikuwa Uarabuni, na mtaa ulikuwa unasubiri masanduku. Alimwambia mama yake hawezi kupita pale kwenye kibanda cha chipsi, watu wakimtazama mikono. Wakampeleka kwa shangazi yake, Chalinze.

Ndipo nikairudia ile aya ya tano, ambayo nimeihubiri mara nyingi kwa haraka. Daudi alipopata habari hakuwangoja Yerusalemu. Alituma watu wawalaki njiani, kwa maana aibu yao ilikuwa kubwa. Hakuwaita watoe taarifa, wala hakuuliza kwa nini hawakujitetea. Aliwapa nafasi wakae Yeriko mpaka ndevu ziote, kisha ndipo warudi. Ukivuka Yordani kutoka Amoni, Yeriko ipo karibu. Tayari ni kwenu, lakini macho ya mjini hayajakufikia. Mfalme alielewa kwamba waliaibishwa kwa ajili yake, na kwamba deni hilo ni lake.

Kanisani tunapenda kuwaambia vijana wanaosafiri wakawe mabalozi wetu. Tunawaita mbele, tunawawekea mikono, kwaya inaimba, tunapiga picha. Paulo naye alijiita mjumbe wa Kristo, na alipowaandikia Waefeso alikuwa mjumbe aliyefungwa minyororo, kwa hiyo neno lenyewe ni zito kuliko tunavyolitamka. Katika miaka yangu yote ya uchungaji nimeongoza ibada nyingi za kuwaaga. Ya kumpokea aliyerudi mikono mitupu sijaongoza hata moja. Aliyerudi na gari tunamshukuria mbele ya madhabahu. Huyu mwingine anaingia mtaani usiku, na sisi tuliomtuma tunasikia habari zake kwa majirani. Jambo hili limeniuma, na naliandika kwa sababu najua si usharika wetu peke yake.

Jumamosi iliyopita tulipanda basi la Chalinze, mama yake, mzee mmoja wa kanisa, na mimi. Tulimkuta uani akichambua mchele. Aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Shikamoo, mchungaji," akaketi tena. Nilimwomba radhi kwa siku ile ya uwanjani. Hakujibu, alisogeza ungo ili nami niufikie. Tukachambua wote wanne, mama yake akimpa habari za nyumbani: nani kajifungua, nani kahama, kisima kimekauka tena.

Jua lilipofika ukutani akauliza kama kwaya bado wanafanya mazoezi Alhamisi.

Nikamwambia, bado.