Baba ni Nani: Aliyezaa au Aliyebaki?

Somo: 1 Wakorintho 4:14-16, Mathayo 1:18-25



Paulo anawaambia Wakorintho jambo la kututafakarisha: walimu wanaweza kuwa maelfu, lakini baba ni wachache. Na yeye mwenyewe hakumzaa hata mmoja wao kwa mwili. Sasa baba ni nani? Ni damu? Ni karo? Ni kulala nyumbani? Nataka tulipime swali hili mahali ambapo pengine hukutarajia, kwenye kipindi cha vichekesho cha runinga.

Baadhi yenu mnakikumbuka The Fresh Prince of Bel-Air, kilichoonyeshwa Marekani kuanzia 1990 hadi 1996. Kijana Will anatolewa na mamake kwenye mtaa mgumu wa Philadelphia, anapelekwa kwa jamaa wenye mali kule California. Mwenye nyumba ni Philip Banks, wakili ambaye baadaye anakuwa jaji. Hana damu na kijana huyo. Ni mume wa dada ya mamake tu. Tena si mtu wa kubembeleza. Ana mwili mkubwa, sauti nzito, anadai nidhamu, anafoka, na watazamaji walimcheka kila wiki.

Mwezi wa Mei 1994 kikaonyeshwa kisa ambacho watu hawajakisahau. Lou, baba mzazi wa Will, anatokea baada ya miaka 14. Ni dereva wa lori, mchangamfu, mwenye maneno matamu. Anamwahidi mwanawe kwamba watasafiri pamoja. Will hataki tena kumsikia Philip. Si baba amekuja? Halafu Lou anapata kisingizio cha kazi, na anataka kuondoka bila kumuaga, Philip ndiye abaki kumwambia kijana. Will anaingia kabla hajatoka. Wanaagana, na Will anamwita kwa jina lake, Lou, wala si baba.

Mlango ukishafungwa, kijana anajifanya hajali. Anahesabu yote aliyojifunza bila yule mtu: kuendesha gari, kunyoa ndevu. Kisha anavunjika, anauliza mbona hamtaki. Philip hajibu kitu. Anamkumbatia tu.

Ukitazama haraka, utasema baba ni aliyebaki. Aliyezaa alileta ahadi. Asiyezaa alileta chakula, shule na kitanda. Na bado mtoto alivutwa na ahadi. Hata hapa kwetu ni hivyo. Mjomba anayelipa karo ndiye anayeitwa mkali, na yule anayepiga simu Krismasi akiahidi makubwa ndiye mzuri. Anayekaa na mtoto lazima wakosane siku moja. Asiyekuwepo atakosana na nani?

Lakini tusikimbilie jibu. Watu wengi waliamini kwamba Will Smith, mwigizaji wa sehemu hiyo, alilia vile kwa sababu babake halisi alimtoroka. Si kweli. Babake alikuwa na biashara ya majokofu Philadelphia, na alimlea. Hata hivyo, katika kitabu cha maisha yake cha 2021, Smith anasimulia kwamba akiwa na miaka tisa alimwona baba huyo huyo akimpiga mamake hadi akaanguka.

Ndugu zangu wanaume, tukae hapo kidogo. Kuna baba ambaye viatu vyake viko mlangoni kila jioni, lakini watoto wakisikia lango likifunguliwa wananyamaza. Huyo amebaki, kweli, lakini kubaki kwake ni mzigo. Kwa hivyo kubaki peke yake hakutoshi.

Mimi naona hivi: baba ni yule ambaye mtoto anaweza kuvunjika mbele yake bila kuogopa. Mbele ya Lou, Will alijikaza. Mbele ya yule mzee mkali aliyezoea kumfokea, alilia. Ukali wa Philip haukuwahi kumfanya kijana aone hayuko salama.

Mtu atauliza: je, hiyo haimpi aliyezaa ruhusa ya kutoroka, mradi kuna mjomba? Hapana. 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza wa kwake ameikana imani. Philip hakuwa na jibu la swali la Will kwa sababu swali halikuwa lake. Kumbatio lilimshikilia mtoto, lakini deni la Lou lilibaki la Lou.

Mtazame Yusufu. Injili hazikuandika neno lake hata moja. Ziliandika alichofanya: aliamka, akamchukua Mariamu, akampa mtoto jina, akakimbia naye Misri usiku. Na Nazareti wakamjua Yesu kama mwana wa seremala.

Katika kanisa letu wapo watoto wanaokuja na mama peke yake, au na nyanya. Wanaume, tuwajue kwa majina. Tuulize habari za mtihani. Tufanye hivyo wazi, mama akijua na akikubali. Lakini usianze usichoweza kukiendeleza. Mtoto aliyeachwa mara moja, akiahidiwa tena na kuachwa tena, ataamini kwamba ubaya ni wake. Na wewe uliye mbali na damu yako, piga simu wiki hii. Ahidi kidogo, utimize.

Maswali ya kutafakari
1. Watoto wangu hunyamaza au huzungumza ninapoingia nyumbani?
2. Ni ahadi gani niliyompa mtoto ambayo bado anaingoja?
3. Nani alinibebea ubaba bila kuwa na deni, na je, nimemshukuru?

Tuombe: Baba wa yatima, waponye waliouliza mbona hawatakiwi. Turudishe tuliotoroka, tulainishe tuliobaki, na utufanye mahali ambapo mtoto anaweza kulia salama. Katika jina la Yesu, amina.