Asilimia si mtu

Kwenye vijiwe vya drafti Moshi mjini, kete ni vizibo vya soda na kila kitu kiko wazi ubaoni. Kinachobaki kusomwa ni mtu: huyu ana pupa, yule anakubali kuliwa moja ili ale tatu. Unamsoma kwa macho, na yeye anakusoma vilevile.

Poka ya mtandaoni ina programu za kukusomea. Pembeni ya jina la mpinzani inatokea asilimia ya mara alizoingiza hela kwa hiari yake karata zilipogawiwa. Ukiona 60, unasema huyu anaingia ovyo. Ukiona 12, mwoga. GGPoker wamezipiga marufuku.

Je, ni wizi? Kuhesabu si dhambi. Hata mcheza drafti anahesabu kichwani. Shida ni mbili. Kwanza, asiye na programu anasomwa bila kujua, wala hana cha kukusomea. Pili, namba inajifanya inajua. Aliyeingia mara 6 kati ya 10 anapewa 60, kumbe pengine kaangukiwa na karata nzuri tu. Mgeni akikaa Moshi siku 3 za masika asiuone Kibo, hesabu yake ni 0 kwa 3. Mlima upo palepale, mita 5,895.

Kijiweni, jamaa akibadilika unamwona leo hii. Kwenye kioo, jana yake inamng'ang'ania. Kwa hiyo hesabu, ila mwachie mtu nafasi ya kubadilika. Usipomwachia, yule uliyemwita mwoga ndiye atakayekula hela yako.