Pima na Mtungi Kichwani!

Wewe uliyeinua nyumba yako hapa Kinango kidogo kidogo, msimu huu mawe, msimu ujao saruji, ukamwaga slabu na kuziacha nondo zimesimama zikingoja ghorofa, saa yako imefika. Juu panapanda vyumba vya watoto na tangi la maji, na fundi anakuuliza atoboe wapi tundu la ngazi. Usimjibu kwa kunyoosha kidole. Mjibu kwa tepu!

Hilo tundu wengi hulipimia upana wa ngazi, wakasahau kichwa. Mtu anapopanda yeye ndiye anayeinuka, slabu haisogei. Tundu likiwa fupi, ukingo wake utamngoja kwenye paji la uso, na zege haimhurumii kijana anayeshuka mbio wala nyanya anayepapasa njia usiku stima ikipotea.

Tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndipo nyumba nyingi huharibikia. Tuseme kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3 na sentimita 6. Una vipandio 18, kila kimoja kimo cha sentimita 17, na pa kukanyaga sentimita 27. Slabu ina unene wa sentimita 15. Fundi akikata tundu la urefu wa mita 2 na nusu, ambalo kwa macho ni kubwa kabisa, chini ya ukingo patabaki mita 1 na sentimita 42. Mtoto wa shule ya msingi atapita. Mamake atainama kila siku ya maisha yake. Ukitaka mita 2 kamili, tundu lazima lifike mita 3 na sentimita 42. Karibu mita nzima imepotea kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu!

Na mita 2 zenyewe, kwetu hazitoshi. Uingereza ndicho kipimo chao cha chini. Marekani nyumba ya kuishi inadaiwa futi 6 na inchi 8, tofauti ya sentimita chache tu. Lakini vipimo hivyo vinamfikiria mtu asiyebeba kitu kichwani. Huku kwetu maji yana shida na mama bado anajitwika. Mwanamke wa mita 1 na sentimita 60 akiwa na mtungi wa lita 20 uliosimama, tayari amegonga mita 2. Hapo hujaweka gunia la mahindi, wala godoro, wala jeneza linaloshushwa na watu wanne siku ya msiba. Dai mita 2 na sentimita 30! Kwa ngazi ile ile, tundu litafika karibu mita 3 na sentimita 90. Ndiyo, utapunguza chumba cha juu. Kipunguze.

Fundi kijana, uliyetoka chuo cha ufundi juzi na unaogopa kumsahihisha mkubwa wako, sikiliza: uzi na timazi havina umri. Funga uzi kwenye ukingo wa sakafu ya juu, pale ngazi itakapoishia, uuvute mpaka pua ya kipandio cha kwanza. Weka alama mahali tundu litakapoanzia, teremsha timazi hapo, pima kutoka chini ya slabu hadi kwenye uzi. Kama chini ya slabu kuna boriti ya zege, pima kutoka chini ya boriti. Kisha toa unene wa umaliziaji: mawe ya Mazeras na saruji yake yatainua kipandio sentimita tano hivi, plasta nayo itashusha dari kidogo. Kinachobaki ndicho kipimo chako cha kweli. Kazi ya dakika chache, na ukiifanya mbele ya mwenye nyumba, atakuita tena.

Lakini usiiguse nondo wala boriti kabla mhandisi hajaangalia mzigo unakwenda wapi. Slabu iliyotobolewa ovyo inaweza kuangusha kila ulichojenga. Peleka mchoro kaunti. Kenya ina kanuni mpya za ujenzi za mwaka 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968, nawe una haki ya kuuliza zinakutaka nini.

Na ikiwa nyumba haina nafasi ya tundu refu? Usikubali kuambiwa "tutazoea kuinama." Ikunje ngazi kwa kituo cha katikati, upande wa pili ukipanda kando ya ule wa kwanza, na upime tena kila upande. Au itoe nje, iegemee ukuta, ipate kipaa cha kuikinga mvua. Nyumba ni yako, jasho ni lako, na nyundo bado haijapigwa. Mwite fundi jioni hii, mshike uzi wawili wenu, na mama wa nyumba awepo akiwa na mtungi wake.