Je, Pasaka ni Sikukuu ya Wapagani?



Kila mwaka, Kwaresima inapokaribia kwisha, vijana wetu hutujia na swali. Wameambiwa na jirani, au wamesoma katika kikaratasi, ya kwamba Pasaka ni sikukuu ya mungu mke wa wapagani, na kwamba aishikaye anaabudu sanamu bila kujua. Wengine wameanza kuona haya kuja kanisani siku ile. Tusiwakemee. Swali lao ni la haki, nalo lastahili jibu.

Tuanze na jina. Wasemao hivyo hutegemea neno la Kiingereza, Easter. Bede, mtawa wa Uingereza, aliandika mwaka 725 ya kwamba mababu zake, kabla ya kuipokea Injili, waliuita mwezi mmoja wa majira yale kwa jina la mungu mke Eostre. Hakuna mwandishi mwingine wa zamani zile atajaye habari zake. Lakini hata tukiyakubali maneno ya Bede, kilichobaki ni jina la mwezi tu. Sisi tuandikao Januari ubaoni kila mwaka, je, twamwabudu Janus, mungu wa Warumi? Tena Mtaguso wa Nikea ulizungumza juu ya tarehe ya sikukuu hii mwaka 325, zamani sana kabla ya Waingereza hao kubatizwa. Nasi twasema Pasaka, neno lenye asili ya Kiebrania, ukumbusho wa Israeli kutoka Misri. Mzizi ndio huo.

Na mayai je? Wakristo wa Ulaya ya kale hawakula mayai wakati wa Kwaresima. Lakini kuku hajui Kwaresima, aliendelea kutaga. Ikifika Pasaka mayai yalikuwa tele, yakapakwa rangi na kugawiwa. Mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliagiza mayai 450 ya namna hiyo kwa ajili ya watu wa nyumba yake. Wakristo wa Mashariki huyapaka rangi nyekundu, wakiikumbuka damu ya Bwana. Sungura aletaye mayai ni hadithi ya Wajerumani, nayo ilikwisha kuandikwa mwaka 1682. Huko baridi ikiisha, sungura huonekana mashambani. Kwetu Pasaka hutukuta katika masika, na Sungura wetu ni yule mjanja wa hadithi za jioni. Tukimwacha wao huko kwao, hatupungukiwi kitu.

Lakini kama desturi fulani ilitoka kwa wapagani kweli, tufanyeje? Mwaka 601 Papa Gregory alimwandikia Mellitus, aliyekuwa akienda Uingereza, ya kwamba mahekalu yasibomolewe. Sanamu ziharibiwe, nyumba zinyunyiziwe maji ya baraka, na altare ziwekwe humo. Jambo lifananalo na hilo twalijua hapa kwetu. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lilijengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Palipouzwa watu, leo hutolewa Mwili wa Bwana bila fedha. Ni nani athubutuye kusema ya kwamba waabuduo pale waabudu utumwa?

Basi, wapendwa, tusiutafute upagani katika ganda la yai. Afungaye hirizi ya mganga kiunoni mwa mtoto Ijumaa Kuu, kisha Jumapili akapiga magoti kwenye Ushirika Mtakatifu, huyo ndiye aletaye upagani katika Pasaka. Vivyo hivyo amalizaye sikukuu kilabuni, na yule asiyesalimiana na nduguye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mtakatifu Paulo, alipomwita Kristo Pasaka wetu (1 Kor. 5:7-8), hakuwaonya Wakorintho juu ya majina ya miezi, aliwataka waitoe chachu ya kale, yaani uovu wa mioyo yao.

Kijana akikuuliza tena, usimfukuze. Mweleze haya kwa upole, kisha mshike mkono mje pamoja kanisani. Kaburi ni tupu, lo lote liwalo jina la mwezi.

Amani ya Bwana aliyefufuka iwe nanyi nyote. Amina.