Daktari wa mifugo ndani ya maabara: Amana au khiyana?

Ndugu msomaji, mzazi akisikia mwanawe anasomea udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, anachofikiria ni ng'ombe, josho na sindano. Akiambiwa kijana anataka kuingia maabara kutafiti maradhi ya binadamu, hushtuka: Aliyefundishwa kumponya mnyama, vipi amwambukize ugonjwa kwa makusudi? Hiyo si khiyana?

Swali hilo ni la haki, tusilipuuze. Lakini tutazame yaliyopita. Sotoka, iliyofyeka ng'ombe wa Afrika, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Silaha kubwa ilikuwa chanjo ya Walter Plowright, daktari wa mifugo, na wenzake wa Muguga, Kenya. Ilibidi kwanza ijaribiwe kwa ng'ombe. Na Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007, iliyoua Watanzania zaidi ya 100, ilitoka kwa mifugo ikawafikia watu. Maradhi ya namna hiyo yanamhitaji mtu anayewajua wote wawili, mnyama na binadamu.

Imam Ghazali aliihesabu elimu ya tiba kuwa fardhi kifaya. Wote wakiiacha, wote wana dhambi.

Hata hivyo, faradhi haifuti haki ya mnyama. Mtume (SAW) ametufahamisha habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Hata katika kuchinja, ametuamuru tunoe kisu. Ikiwa kuchinja kuna masharti, je, majaribio ya maabara yakose?

Mwaka 1959 wanasayansi wawili wa Uingereza, Russell na Burch, waliweka masharti matatu: mnyama asitumike pale penye njia nyingine, akitumika, idadi iwe ndogo, na maumivu yapunguzwe. Hapo ndipo daktari wa mifugo anapohitajika. Panya aliyejikunyata, manyoya yamemsimama na hali chakula, kwa mwingine ni panya tu. Yeye anajua kwamba anaumwa.

Basi maandalizi ya mwanafunzi huyu yasiwe ya mikono peke yake. Afundishwe hesabu za utafiti, kwani nazo ni suala la dhamiri: wanyama wakizidi ni israfu, wakipungua mno wameteseka bure na jibu halikupatikana. Afundishwe pia kumwambia mkubwa wake, hata mfadhili, kwamba jaribio hili lisimame. Na hayo ayapate tangu darasani, si baada ya kuajiriwa.

Mzazi, usimzuie mwanao. Muulize amejiandaaje. Wenye huruma wakiikimbia maabara, wanyama watabaki mikononi mwa nani?

Wabillahi Tawfiq.