Haluli na Haki ya Mwili

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitazame pamoja mwezi huu lina haya kidogo, na huenda wengine wakashangaa kulikuta katika gazeti la dini. Linahusu haluli. Lakini dini iliyotufundisha hata adabu za kuingia na kutoka chooni haikuona haya kutaja habari za tumbo, basi nasi tusione haya kuishinda. Swali lenyewe ni hili: mtu akila chakula chake cha halali, kisha akameza dawa ili kitoke upesi kisimnufaishe, je, hilo ni jambo lake peke yake, au yuko mwenye haki aliyedhulumiwa?

Niliulizwa jambo hili na mama mmoja aliyekuja nyumbani kwangu baada ya sala ya alasiri. Binti yake wa miaka 17 alikuwa akinunua vidonge vya kulainisha choo kwa siri, na kumeza vingi kila alipokula chakula cha usiku. Vilipokwisha, alichemsha majani ya sanamaki. Alipokatazwa alijibu kwamba sanamaki ni dawa iliyosifiwa katika hadithi, basi kwa nini azuiliwe? "Maalim," mama akaniambia, "mwambie ni dhambi. Wewe atakusikia."

Nilimwambia, na yaliyotokea nitayaeleza mbele. Kwanza tuipime hoja ya binti, kwani kuitupa tu si haki. Ni kweli kwamba katika vitabu vya Tirmidhi na Ibn Majah imepokewa habari ya Bibi Asmaa binti Umais, aliyeulizwa na Mtukufu Mtume s.a.w. anatumia nini kulainisha tumbo. Alipotaja mmea mmoja mkali, aliambiwa kuwa ule una ukali mno. Ndipo akatumia sanamaki. Lakini tazama, msomaji mpenzi: habari hiyo yahusu mtu aliyefunga choo, na ndani yake mna kuacha kilicho kikali na kushika kilicho chepesi. Mwenye kuitumia kuhalalisha vidonge 20 kwa usiku mmoja ameichukua dawa akauacha mwongozo.

Wala mimi siwezi kujifanya mwenye hekima katika jambo hili. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, chakula kilinibadilikia, vyoo vya bweni vilikuwa vichache, nami nikawa najizuia. Siku tatu zilipopita bila choo nilimeza haluli, tumbo likatoka lote. Kesho yake na kesho kutwa sikupata choo, nikadhani ugonjwa umerudi, nikameza tena. Nikaenda hivyo karibu mwaka mzima. Daktari mmoja mzee ndiye aliyenifungua macho: utumbo uliokwisha kumwagwa wote huhitaji siku kadhaa kujaa tena, na mimi nilikuwa nautibu kwa kosa la kuwa mtupu! Akanieleza pia kwamba katika watu wenye afya, yuko aendaye haja mara tatu kwa siku na yuko aendaye mara tatu kwa juma, na wote ni wazima.

Na kinga ya maradhi hayo mara nyingi imo jikoni mwetu. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, alitambua kwamba watu wa vijijini huko, waliokula vyakula visivyokobolewa, walipata choo kingi na chepesi kuliko Waingereza waliokula mkate mweupe, akaja kuieneza habari hiyo duniani. Dona, maharage, mboga za majani, maji ya kutosha na kutembea kwa miguu huwatosha wengi. Asiyetoshwa na hayo, hasa mzee, mjamzito, au mgonjwa atumiaye dawa kali za maumivu kama mofini, atumie dawa ya choo kwa shauri la daktari. Haina aibu yoyote. Lakini tumbo linalouma sana pamoja na kutapika, au choo chenye damu, si la kupewa haluli nyumbani. Hilo ni la hospitali.

Ya binti yule yalikuwa mengine. Yeye hakufunga choo. Aliogopa kunenepa, ingawa mifupa ya mabega yake ilikwisha kuonekana. Na hapa ndipo penye ajabu, kwani dawa hiyo haifanyi hata lile analolitaka. Chakula hunyonywa na mwili katika utumbo mwembamba. Sanamaki na vidonge vya namna yake hufanya kazi hasa katika utumbo mpana, wakati riziki imekwisha kuingia damuni. Mwaka 1983 matabibu wa Marekani walichapisha matokeo ya kulipima jambo hili: hata mtu alipoharishwa lita 4 hadi 6, kalori alizopoteza zilikuwa kama asilimia 12 tu. Kinachopunguka katika mizani ni maji. Yatoka pamoja na chumvi za mwili, na mojawapo, potasiamu, ikipungua sana misuli hulegea na moyo hupiga ovyo, hata waweza kusimama ghafla.

Tena akiacha dawa, mwili uliozoea kunyang'anywa maji huyazuia kwa siku au majuma kadhaa. Miguu na uso huvimba. Uvimbe huo hupita, lakini yeye huona, "Kumbe kweli nanenepa," akakimbilia vidonge. Basi mwili haukudanganyika hata siku moja. Umechukua chakula chake na kulinda maji yake kadiri ulivyoweza. Aliyedanganyika ni mwenye mwili.

Je, aliyedanganyika namna hii aambiwe nini? Mimi nilimhubiria karibu saa nzima. Nilimweleza kwamba mwili ni amana, kwamba kuharibu riziki ni kumkufuru Mtoaji wake. Alilia, akaahidi kuacha. Baada ya miezi miwili alianguka bafuni, akapelekwa hospitali, potasiamu yake imeshuka vibaya. Nilipokwenda kumtazama aliniambia kwa sauti ndogo, "Maalim, uliposema ni dhambi nilikuamini. Ndiyo maana nilizidi kujificha."

Neno hilo sijalisahau. Nilisema kweli, nikaisema kwa mtu ambaye tayari alijichukia, nami nikamwongezea sababu. Maradhi haya yana majina kwa matabibu. Moja, bulimia, lilielezwa London na Profesa Gerald Russell mwaka 1979, na siri na aibu ni chakula chake. Hayamshiki msichana wa Ulaya peke yake, wala msichana peke yake. Hutibiwa kwa mazungumzo marefu na mganga wa nafsi, mlo wa saa maalumu, na kuangaliwa damu na moyo.

Mtukufu Mtume s.a.w. alipomkuta sahaba Abdullah bin Amr akifunga kila siku na kukesha kila usiku, alimkumbusha kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Zamani nilisoma habari hiyo kama onyo kwa mtu mmoja juu ya mwili wake mwenyewe. Sasa naona kwamba mwenye mwili akishindwa kuutekelezea haki, deni hilo hutufikia sisi tulio karibu naye: mama atakayekaa naye mezani bila kumhesabia matonge, duka la dawa litakalouliza kabla ya kuuza, shangazi asiyemkaribisha mgeni kwa maneno "umenenepa" au "umekonda", na mwalimu wa dini atakayesikiliza kwanza.

Ramadhani iliyopita daktari alimkataza kufunga. Binti alikuja kuniuliza kama watu hawatamdhania mvivu wa ibada. Nilimjibu kwamba ruhusa ya mgonjwa imetoka kwa Mwenyezi Mungu Mwenyewe. Mama yake, ambaye alikuwa amefunga, alikuwa akimpikia uji kila adhuhuri, akafunga mlango wa jikoni, akaketi naye mpaka bakuli likaisha.