Samaki wa Mwaka Ujao ni wa Nani?

Katika mji wa Uvira, kandokando ya ziwa Tanganyika, kuna nyumba ya elimu ambayo wavuvi wengi huipita bila kujua kazi yake. Kwa Kifaransa inaitwa Centre de Recherche en Hydrobiologie, maana yake kituo cha kuchunguza maji na viumbe vyake. Asili yake ni chama cha elimu IRSAC, kilichoundwa na Wabelgiji mwaka 1947. Makao makuu yalikuwa Lwiro, upande wa Bukavu, na Uvira ikapewa kazi ya ziwa. Baada ya uhuru kazi hiyo ikapita mikononi mwa Wakongo wenyewe. Wanafanya nini humo? Wanapima joto la maji, wanashusha chupa kilindini na kuipandisha, wanahesabu vidudu visivyoonekana kwa macho, wanapima urefu wa ndakala mmoja mmoja. Mvuvi akiwatazama husema: «Hawa wanapima samaki, sisi tunawala. Nani mwenye akili?»

Ni neno la mchezo, lakini tusilicheke upesi, ndugu msomaji. Ndani yake mna shauri gumu. Mtu aliyeona hatari mbele ya wenzake anawiwa nini nao? Na wenzake, wakisha kuambiwa, wanafungwa na maneno yake hata siku watoto wanapolia njaa?

Kwanza tujue ziwa lenyewe. Urefu wake ni kadiri ya kilometa 670, na kilindi chake chafika mita 1.470, katika maziwa yote ya dunia ni Baikal tu, huko Urusi, linalolipita kwa kilindi. Lakini mali yote ya maji hayo si ya samaki. Ukishuka mita mia moja au mia mbili, hewa ya kupumulia imekwisha, na chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Basi ziwa ni kama nyumba kubwa sana ambayo watu wake wanakaa katika chumba cha juu tu. Na chakula chao? Hapo ndipo ajabu ilipo. Vitu vinavyorutubisha maji huzama chini, gizani, navyo hurudi juu wakati upepo wa kiangazi unapovuma toka kusini na kuyasukuma maji ya juu, hata maji ya chini yakapanda pahali pao. Ndipo mimea midogo inapoota majini, vidudu vinaila, ndakala wanakula vidudu, na mikebuka wanakula ndakala. (Samaki huyo Warundi wanamwita mukeke, na watu wa Kigoma mgebuka, samaki ni yuleyule, havuki mpaka kwa pasi.)

Sasa mwaka 2003 wataalamu walitangaza jambo zito. Maji ya juu yamezidi kupata joto, nayo yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vema na maji baridi ya chini. Chakula kinabaki kilindini. Mvuvi hakosi kwa uvivu wake, wala pengine kwa nyavu zake peke yake; ziwa lenyewe linatoa kidogo kuliko zamani. Neno hilo hakuna mzee wa pwani angaliweza kulijua kwa macho yake, ingawa anajua nyota na pepo kuliko mtaalamu yeyote. Lilijulikana kwa sababu watu walipima, wakaandika, wakapima tena, na waliofuata wakalinganisha hesabu mpya na za kale. Kazi ya namna hiyo haina sifa. Anayeianza hufa kabla ya kuona faida yake.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mvuvi wetu ni hili: wanaopima wanamfaa, hata kama hajui. Wenyeji wa Bukavu na Goma wanakula sambaza kila siku. Ni wangapi wanaojua kwamba samaki huyo hakuwamo katika ziwa Kivu? Aliletwa toka Tanganyika karibu na mwaka 1959, akiwa mdogo bado, kwa sababu watu wa elimu walikuwa wameona kwamba maji ya katikati ya Kivu hayana samaki wa kuyatumia. Walileta ndakala pia, lakini hao hawakushika. Aliyeshika ni ndugu yao, ndiye sambaza wa leo.

Lakini deni lina pande mbili, na hapa sitawapendelea wenye elimu. Wataalamu wa Ubelgiji walizunguka ziwa lote mwaka 1946 na 1947, na Max Poll alikuwa miongoni mwao. Samaki waliokusanya na vitabu walivyoandika vilikwenda Ulaya. Hata leo habari nyingi za ziwa letu husomwa kwa Kifaransa na Kiingereza na watu wasiokula ndakala. Je, ni haki? Mtu akiingia shambani mwako, akachimba, akajua kwamba udongo wako unakufa, kisha akawaandikia rafiki zake wa mbali bila kukuambia wewe, ungemwita nani? Kujua habari za chakula cha watu ni amana. Hailipwi kwa kuchapa kitabu; inalipwa pwani, kwa Kiswahili, mbele ya watu wenye haki ya kuuliza na kubisha.

Tuje sasa kwenye njaa. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilifanya mapatano mwaka 2003 kusudi zilitunze pamoja. Na mwaka 2024 uvuvi ulifungwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaa na kukua. Wengi walinung'unika. Wengine wakaleta hoja ya kale, ambayo Tomaso wa Akwino aliifundisha waziwazi: mtu aliye katika shida ya kufa akitwaa chakula cha mwingine si mwizi, kwani katika shida ya namna hiyo vitu vyote ni vya wote. Basi, wanasema, mwenye njaa na atege hata kwa chandarua cha mbu!

Hoja ni ya kweli, lakini haifiki pale wanapoipeleka. Shida ya kufa humpa mtu haki ya chakula cha leo. Haimpi haki ya kufanya biashara mwaka mzima kwa wavu unaokamata watoto wa samaki. Ndakala huishi kadiri ya mwaka mmoja tu. Anayevua wachanga wote leo anatwaa chakula cha jirani yake wa mwakani, naye jirani huyo atakuwa na njaa ileile, na hoja ileile kinywani.

Tena wavuvi wanajua kungoja. Wanavua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali samaki hawaifuati taa. Basi kila mwezi wanapumzika siku kadha, wanashona nyavu, wala hakuna anayeushitaki mwezi. Kwa nini amri ya serikali inawaudhi, nao mwezi hauwaudhi? Nadhani ni kwa sababu mwezi hauli hongo. Unaangaza juu ya mtumbwi wa maskini na juu ya chombo cha tajiri sawasawa. Amri inayomkamata mwenye mtumbwi mmoja, ikamwacha mwenye vyombo kumi apite usiku kwa fedha, imepoteza nguvu yake ya haki, hata ikiwa hesabu za wataalamu ni sahihi kabisa.

Hapo ndipo mzigo wa wakubwa. Anayeamuru wengine wafunge, naye ana mshahara kila mwisho wa mwezi, imempasa aseme kwanza jinsi watakavyoishi. Mwanamke anayenunua ndakala asubuhi, akawaanika mchangani na kuwapeleka sokoni, hana wavu wala mtumbwi, wala jina lake halimo katika orodha yoyote ya wavuvi. Tangu 15 Mei hadi 15 Agosti atauza nini?